Kitabu cha Matukio Kilipoandika "Wamepatanishwa": Tuifahamu Tiba ya Wanandoa na Familia



Katika kituo kimoja cha polisi ambacho hatutakitaja, kitabu cha matukio kina maandishi matatu yanayofanana. Mara ya kwanza mwanamke mmoja alifika kaunta akiwa amevimba shavu. Afisa wa zamu, mtu mwema na mwenye familia yake, alimwita mume kwa simu, akawaketisha wote wawili kwenye benchi moja, akawapa nasaha, akawakumbusha watoto wao, kisha wakashikana mikono. Akaandika: "Wamepatanishwa." Baada ya wiki chache mwanamke yule alirudi, na kitabu kikaandika neno lile lile. Akarudi tena, likaandikwa tena. Taarifa ya mara ya nne haikutoka kaunta, bali ilitoka hospitali.

Mama yule alipona, lakini mkono wake wa kulia haujarudia nguvu zake. Tulipomtembelea wodini alituambia neno moja ambalo ndilo limetusukuma kuandika makala haya: "Afande, kila nilipokuja, mliniuliza mbele yake."

Hatuandiki ili kumlaumu afisa yule peke yake. Alifanya jambo ambalo wengi wetu tumelifanya, tena tukasifiwa kwalo na wenyeviti wa LC, viongozi wa dini na wazee wa ukoo. Alikuwa na nia njema. Hata hivyo, alishika kazi ambayo si yake, na ile iliyo yake akaiacha bila kufanywa. Kazi aliyoishika ina wenyewe, ina elimu yake, ina miiko yake, na ina historia ndefu ambayo ndani yake yamo makosa yanayofanana sana na yetu. Tumeona ni vyema tuieleze, ili askari na raia wote wajue tofauti kati ya meza ya polisi na chumba cha mnasihi.

Jambo lenyewe si dogo. Ripoti za mwaka za Polisi ya Uganda zilionyesha kesi 13,693 za ukatili wa majumbani zilizoripotiwa mwaka 2019. Mwaka 2020, watu walipofungiwa majumbani kwa ajili ya korona, zilipanda hadi 17,664. Nyuma ya kila namba kuna mlango uliofungwa na watoto waliokuwa wakisikiliza.

TAALUMA HII NI NINI?

Tiba ya wanandoa na familia ni tiba ya mazungumzo inayoendeshwa na mtu aliyesomea kazi hiyo. Msingi wake ni kwamba matatizo mengi ya nyumbani hayakai ndani ya mtu mmoja tu, bali hukaa pia katika yale yanayopita kati ya watu. Kijana anayetoroka shule huenda anaonyesha kwa miguu yake jambo ambalo wazazi wake hawajathubutu kulisema kwa midomo. Mtaalamu wa tiba hii hamtazami kijana peke yake. Hutazama nani anasema na nani, nani ananyamaza, nani anambeba nani, na ni desturi gani zinazorudiwa kila ugomvi unapozuka.

Wazo hilo lilipata nguvu Marekani katika miaka ya 1950. Huko California, Gregory Bateson na wenzake walichunguza mazungumzo ya ndani ya familia zenye mgonjwa wa akili, na mwaka 1956 wakachapisha utafiti uliojadiliwa kwa miaka mingi. Wakati huo huo daktari Murray Bowen alikuwa akizilaza familia nzima hospitalini pamoja na mgonjwa wao, ili aone maisha yao ya kila siku. Katika miaka ya 1960 Salvador Minuchin, daktari mzaliwa wa Ajentina, alifanya kazi na familia maskini za New York, na baadaye akaongoza kliniki ya watoto huko Philadelphia. Huko Philadelphia, yeye na wenzake waliwafunza wakazi wa mitaa maskini, watu wasio na shahada, kuwa watoa tiba ya familia chini ya usimamizi. Msomaji alikumbuke jambo hilo, kwani tutalirudia.

Ieleweke pia kwamba lengo la tiba hii si kuwabakiza watu pamoja kwa gharama yoyote. Wapo wanandoa wanaosaidiwa kurekebisha ndoa yao, na wapo wanaosaidiwa kuachana bila kuwavunja watoto. Mwenye kuamua ni wao. Hapo ndipo tiba inapotofautiana na usuluhishi tuliouzoea, ambao hupima mafanikio yake kwa kitu kimoja tu: je, wamerudi nyumbani pamoja?

KOSA LILILOIKOMAZA TAALUMA

Lakini wazo lile zuri, kwamba tatizo liko kati ya watu, lilikuwa na mtego ndani yake. Ikiwa kila jambo la nyumbani hutengenezwa na wote, je, na kipigo nacho? Kwa miaka kadhaa baadhi ya wataalamu walizungumza kana kwamba anayepiga na anayepigwa wanacheza ngoma moja. Mke alikuwa akiulizwa alisema nini kabla ya kofi, au alichangia vipi.

Mwaka 1978 mwanasaikolojia Rachel Hare-Mustin alichapisha makala katika jarida la taaluma yenyewe, Family Process, akiwaonya wenzake kwamba wanasahau suala la nguvu. Ndani ya nyumba watu hawana uwezo sawa wa fedha, wa mwili, wala wa kusikilizwa na jamii. Mtoa tiba asiyeliona hilo huishia upande wa mwenye nguvu huku akidhani amesimama katikati. Wanawake wengine wa taaluma hiyo waliendeleza hoja hiyo kwa miaka mingi, na taaluma ikabadilika.

Mwaka 1995 mwanasosholojia Michael Johnson aliongeza tofauti ambayo ni ya manufaa makubwa kwetu sisi polisi. Alieleza kwamba ukatili kati ya wanandoa si wa namna moja. Upo ugomvi unaopanda hadi kusukumana, wala hakuna anayemtawala mwenzake. Upo pia utawala wa hofu, ambapo mmoja humfuatilia mwenzake, humnyima fedha, humtenga na ndugu zake, humtisha, na kipigo ni chombo kimojawapo tu cha utawala huo. Kwa nje alama ya shavuni yaweza kuwa ile ile. Kwa ndani ni mambo mawili yaliyo mbali kabisa.

Kutokana na mafunzo hayo, mtaalamu aliyefunzwa vizuri siku hizi huwa na desturi moja ambayo haiachi: kabla ya kuwaketisha wanandoa pamoja, huzungumza na kila mmoja peke yake. Huuliza kama kuna hofu nyumbani. Akigundua utawala wa hofu, hawaketishi pamoja, kwa sababu lolote litakalosemwa na mnyonge chumbani humo laweza kulipiwa usiku. Hapo anayefuata si mnasihi, bali ni mlinzi wa usalama, yaani sisi.

Turudi sasa kwa mama yule wa wodini. Aliulizwa mbele ya mumewe mara tatu. Kila mara alisema, "Ni mambo madogo, afande, tutayamaliza." Na sisi tukamwamini, kwa kuwa wahenga walisema wagombanao ndio wapatanao. Methali hiyo ina kweli yake, lakini huwahusu wanaogombana. Yule mama hakuwa akigombana na mtu, alikuwa akipigwa.

MEZA YA POLISI NA CHUMBA CHA MNASIHI

Wapo watakaouliza: kwani kuna ubaya gani askari kutoa nasaha? Kutoa neno la hekima hakuna ubaya. Ubaya ni kuiita nasaha hiyo tiba, na kufunga jalada kwa sababu yake. Tofauti ziko tatu.

Ya kwanza ni siri. Mnasihi hufungwa na miiko ya kutunza siri, isipokuwa pale maisha ya mtu yanapokuwa hatarini, na huwaeleza wateja wake mipaka hiyo tangu siku ya kwanza. Askari hana siri ya namna hiyo. Anachoambiwa huandikwa, na kilichoandikwa chaweza kusomwa mahakamani. Mume anayekiri mbele ya askari ametoa ushahidi, na mke anayesema mbele ya askari "nimemsamehe" ameudhoofisha ushahidi wake, huku wote wawili wakidhani wanazungumza na mzee wa familia.

Ya pili ni muda. Tiba huchukua wiki nyingi, saa moja leo na saa moja wiki ijayo, kwa kuwa desturi iliyojengwa kwa miaka kumi haivunjwi kwa asubuhi moja. Afisa wa zamu ana dakika ishirini, na nyuma ya wanandoa hao kuna mtu aliyeibiwa simu na mwingine aliyegongwa na bodaboda.

Ya tatu ni mamlaka. Mnasihi hana pingu. Watu huja kwake kwa hiari, na hiari hiyo ndiyo dawa yenyewe. Watu wanaoketi mbele ya sare huahidi lolote ili watoke. Ahadi iliyotolewa kwa kuogopa mahabusu haifiki mbali na lango la kituo.

SHERIA YETU INASEMAJE?

Sheria ya Ukatili wa Majumbani ya mwaka 2010 haikutuacha gizani. Inatambua kwamba ukatili si wa mwili tu, bali pia wa kingono, wa kihisia na wa kiuchumi. Inamtaka askari anayepokea malalamiko amsaidie mlalamikaji kupata ulinzi na matibabu, na amweleze kuhusu haki zake mbili: haki ya kuomba amri ya ulinzi mahakamani, na haki ya kufungua shtaka la jinai. Haimtaki amwombe asamehe.

Sheria hiyo hiyo imelipa baraza la LC mamlaka ya kusikiliza mashauri haya, na miongoni mwa maagizo ambayo mahakama ya LC yaweza kutoa ni onyo, kuomba radhi, fidia, upatanisho, na pia unasihi. Lakini iliweka mpaka. Mkosaji akiwa amerudia kosa, au ikionekana kwamba anaweza kuleta madhara zaidi, au kosa lenyewe likiwa zito, shauri lipelekwe polisi na kwa hakimu. Kwa hiyo mwenyekiti anayetuambia kwa mara ya tatu, "Afande, hawa ni watu wa nyumba moja, waache wakaongee," amekwisha kuvuka mpaka uliowekwa na sheria, hata kama moyo wake ni safi.

Hapa linazuka swali ambalo ndilo kiini cha makala haya. Sheria inasema mahakama yaweza kuagiza unasihi. Je, unasihi huo utatolewa na nani? Nani ametambuliwa kuwa anaujua?

JINA, LESENI NA SIKU ZIJAZO

Swali hilo la utambulisho limeisumbua taaluma hii kila ilipokwenda. Je, tiba ya familia ni kazi inayosimama peke yake, au ni ujuzi ambao mwanasaikolojia, afisa ustawi wa jamii na muuguzi wanaweza kuongeza juu ya kazi zao? Marekani, ambako chama cha wanasihi wa ndoa kiliundwa mwaka 1942, jibu lilikuwa kuifanya kazi kamili yenye leseni. Jimbo la California lilitunga sheria ya kwanza mwaka 1963, na ilipofika mwaka 2009 majimbo yote 50 yalikuwa na utaratibu wa leseni. Hata hivyo, Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, ilianza kuwalipa wataalamu hawa tarehe 1 Januari 2024, zaidi ya miaka sitini baada ya sheria ile ya kwanza. Tunajifunza hapo kwamba taaluma hujengwa polepole, na kwamba kutambuliwa na sheria na kulipwa ni mambo mawili tofauti.

Kwa jirani zetu hali ni tofauti tofauti. Kenya ilitunga Sheria ya Wanasihi na Wanasaikolojia mwaka 2014, ikaanzisha bodi ya kuwasajili. Tanzania, kupitia Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ina mabaraza ya usuluhishi wa ndoa, na kwa kawaida mtu hawezi kuomba talaka mahakamani kabla baraza halijathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha wanandoa. Utaratibu huo una heshima yake, ila tusiuchanganye na tiba: baraza husuluhisha shauri, halitibu uhusiano.

Hapa kwetu mizizi ya unasihi ni ya aina mbili. Mmoja ni wa kale. Kwa Baganda, ssenga, yaani shangazi upande wa baba, ndiye aliyemfunda msichana na ndiye aliyeitwa ndoa ilipoyumba. Makabila mengine nayo yalikuwa na watu wao wa namna hiyo. Mzizi wa pili ulimea wakati wa msiba. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha shirika la TASO kuwahudumia walioathiriwa na UKIMWI, na unasihi ukawa mojawapo ya nguzo zake. Mnasihi wa wakati ule alilazimika kuzungumza na mume, mke na watoto kuhusu jambo zito kuliko yote, na hivyo Waganda wengi walijifunza kwa mara ya kwanza kwamba kusikiliza ni kazi inayosomewa. Leo vyuo vyetu hufundisha saikolojia na unasihi, na kipo Chama cha Unasihi cha Uganda. Uanachama wa chama ni jambo jema, lakini hauna nguvu ile ya leseni inayotolewa kwa sheria. Pasipo leseni, raia hana njia rahisi ya kumtofautisha aliyesoma na aliyetundika kibao tu.

Je, tutangoja hadi kila wilaya ipate mtaalamu mwenye shahada? Hapa tulirudie lile jambo la Philadelphia. Karibu na Eldoret, nchini Kenya, watafiti walitunga tiba ya familia iitwayo Tuko Pamoja, na walioiendesha walikuwa watu wa kawaida ambao tayari jamii ilikuwa ikiwakimbilia kwa ushauri. Walifunzwa, wakapewa utaratibu wa kufuata, wakasimamiwa. Nchini Rwanda, mpango uitwao Indashyikirwa uliwakutanisha wanandoa vijijini kwa masomo 21 kuhusu nguvu, fedha, hasira na namna ya kuzungumza, na utafiti uliofuata ulionyesha kwamba ukatili ulipungua miongoni mwa walioshiriki. Mipango hiyo miwili inaonyesha kwamba ssenga, mchungaji, imamu na mwenyekiti wanaweza kuwa sehemu ya taaluma hii kesho, kwa sharti kwamba wafunzwe, wasimamiwe, na wajue ni wakati gani wa kusema: "Hili limenizidi, lipelekwe polisi."

Nasi polisi tuna sharti letu: kujua ni wakati gani wa kusema, "Hili si la jinai, lipelekwe kwa mnasihi." Wanandoa wanaozozania karo, wasioweza kuzungumza bila kelele, wala hakuna anayemwogopa mwenzake, hawahitaji mahabusu. Kila ndege huruka kwa ubawa wake.

MAMBO YA KUZINGATIA

Kwa askari wenzetu: mlalamikaji asikilizwe peke yake, mahali ambapo mtuhumiwa hamwoni wala hamsikii. Akiomba kuzungumza na askari wa jinsia yake, apewe. Aulizwe kwa upole: Unamwogopa? Amewahi kukukaba? Ametishia kukuua? Kipigo kinazidi? Ana silaha? Majibu yaandikwe. Mwenye jeraha apewe fomu ya polisi kwa ajili ya uchunguzi wa daktari. Shauri lipelekwe kwenye Kitengo cha Ulinzi wa Mtoto na Familia. Na kabla ya kuandika neno "wamepatanishwa", fungua kurasa za nyuma uone kama majina hayo yamekwisha kuandikwa.

Kwa wenyeviti wa LC na viongozi wa dini: upatanisho usitumike kama kifuniko. Anayerudi kwako mara ya pili akiwa na jeraha hakuja kupatanishwa.

Kwa raia anayetafuta mnasihi: muulize amesomea wapi, ni mwanachama wa chama gani, nani anamsimamia, na anatunzaje siri. Aliyesoma hatakasirika kwa maswali hayo. Anayekuahidi kuirudisha ndoa yako kwa siku tatu, au anayekutaka uvumilie kipigo, mkimbie.

Na kwa yeyote aliye hatarini usiku wa leo: piga 999 au 112, bila malipo. Mtoto anayehitaji msaada, au jirani anayesikia kilio chake, apige Sauti 116.

Tulipokwenda kumwona mama yule mara ya pili, tulikuwa askari wawili, wote wanawake. Tulifunga mlango wa chumba, tukaketi, tukamwuliza maswali yale yale aliyoulizwa mara tatu kaunta. Safari hii alijibu kwa saa nzima. Maelezo yake yamo katika jalada, na jalada liko kwa hakimu. Habari za ndoa yake ni juu yake mwenyewe kuzitafakari, wakati wake ukifika, pamoja na mtu aliyesomea kazi hiyo.